Guangzhou: usiulize stesheni peke yake, uliza na mlango

Anayekwenda Guangzhou, China, kununua mzigo kwa mara ya kwanza huambiwa mengi kabla hajapanda ndege: bei, ajenti, ujazo wa kontena, wapi pa kula chakula halali. Kuhusu metro, treni za mjini za chini ya ardhi, huambiwa neno moja tu: "Shuka Xiaobei." Ushauri huo ni nusu. Xiaobei si kituo cha daladala kwamba ukishuka tayari umefika. Ni stesheni iliyo chini ya ardhi, ina milango kadhaa ya kutokea, na kila mlango unakuibua mahali pake kando ya Huanshi, barabara pana ambayo huvuki kwa kukimbia. Ukitokea upande usio wako, na begi mkononi, kwenye joto la mwezi wa 7, hoteli yako utaiona ng'ambo kabisa na bado itakuchukua muda kuifikia.

Milango hiyo hupewa herufi: A, B, C, D. Stesheni kubwa huongezewa na namba, D1, D2 na kuendelea. Muuzaji anapokutumia anwani kwa WeChat, programu ya ujumbe ya Wachina, mwulize mlango gani. Hatakushangaa, maana wenyeji nao ndivyo wanavyoelekezana. Akikujibu kwa maandishi ya Kichina usiufute ujumbe huo. Ndio utakaomwonesha mfanyakazi wa stesheni ukikwama. Na ukishuka kwenye treni usifuate umati kwenye ngazi za umeme za kwanza unazoziona. Umati unakwenda kwake. Simama pembeni, tafuta bango lenye herufi yako, kisha ndiyo upande. Karibu na mageti kuna ramani ya mitaa ya juu, na dakika unayoitumia hapo ni rahisi kuliko robo saa ya kuzunguka juani.

Kulipa hakuna ugumu. Nauli inaanzia yuan 2 kwa kilomita 4 za kwanza, halafu inapanda kidogo kidogo kwa umbali. Mashine za tiketi zina Kiingereza: unagusa stesheni unayokwenda, unaweka noti ndogo, inakutolea kijiduara cha plastiki kama kete. Unakigusisha getini unapoingia, na unakitumbukiza kwenye tundu unapotoka, kwa hiyo usikichanganye na chenji mfukoni. Wenye Alipay, programu ya kulipia kwa simu, wanapita kwa kuonesha msimbo wa simu. Ni rahisi mpaka siku intaneti ikigoma mbele ya geti na foleni ya watu nyuma yako, ndiyo maana mimi hutembea na noti za yuan 5 na 10 hata kama simu ina chaji. Ukikaa muda mrefu, kadi ya nauli ya Yang Cheng Tong inakuondolea habari zote hizo.

Kabla ya mageti kuna ukaguzi. Kila begi linapita kwenye mashine, hata kipochi. Hapa nasema na wenzangu wa vipodozi na vyombo: rangi za kucha, spirei za nywele na vitu vingine vinavyowaka moto vinaleta matatizo pale, na kisu cha jikoni ulichokichukua kama sampuli hakipiti. Vitu kama hivyo mwachie muuzaji avipeleke moja kwa moja kwenye godauni la ajenti wako. Pasipoti nayo usiiache hotelini. Sheria ya China inamtaka mgeni atembee nayo, na maeneo yenye Waafrika wengi, Xiaobei na Sanyuanli, kuulizwa ni jambo la kawaida. Ukiwa nayo, mnaagana haraka.

Sasa biashara. Ukilala Xiaobei uko kwenye laini ya 5, na stesheni moja tu upande wa magharibi ni Guangzhou Railway Station, wanapobadilishia laini ya 2. Hapo juu ndipo penye soko la nguo la Baima, na mtaa wa Zhanxi wenye viatu na saa. Kutoka hapo, stesheni moja kaskazini kwa laini ya 2 ni Sanyuanli, kwenye mikoba na ngozi. Mwenye spea za magari aelekee mashariki kwa laini ya 5 hadi Ouzhuang, atembee mpaka barabara ya Yongfu. Vitambaa viko Zhongda, na stesheni yake imeandikwa Sun Yat-sen University, laini ya 8, wengi wanaipita kwa sababu hawalitegemei jina hilo. Mapambo na vitu vya watoto viko Yide Lu, laini ya 6, na nguo za jumla za Shisanhang ziko jirani na Cultural Park, laini za 6 na 8. Ijumaa, msikiti wa Xianxian, ule wanaouita wa Abi Waqqas, uko karibu na Yuexiu Park kwenye laini ya 2. Maonyesho ya biashara ya Canton ya mwezi wa 4 na wa 10 yako Pazhou, laini ya 8.

Wanaofuata marumaru Foshan nao wana metro. Laini ya Guangfo, iliyofunguliwa 2010, inaunganisha miji hiyo miwili; unaipata Xilang mwisho wa laini ya 1. Ila viwanda na maduka ya Foshan yametawanyika, hivyo ukifika mjini utahitaji gari tu. Kwa safari hiyo, mkiwa watatu au wanne, mimi ningechanga teksi tangu mwanzo.

Jihadhari na majina ya stesheni za reli. Kuna Guangzhou Railway Station, Guangzhou East na Guangzhou South, na hazikaribiani hata kidogo. Treni nyingi za kasi za Hong Kong zinaondokea South, mbali kusini mwa jiji kwenye laini ya 2. Tiketi yako ikisema South, usimwambie mtu "stesheni ya treni" ukategemea ataelewa ipi. Tena usitegemee ramani ya metro uliyoihifadhi simuni safari iliyopita, kwani mji ule hauachi kuchimba: laini ya 11, inayozunguka, ilifunguliwa mwishoni mwa 2024, na njia nyingi za zamani sasa si fupi tena.

Saa za watu kwenda na kutoka kazini, Tiyu Xilu ikwepe. Ndipo laini ya 1 na ya 3 zinapokutana, na saa 12 jioni pale ukimkumbuka mwendokasi wa Kimara asubuhi utaona ulikuwa unaonewa kidogo tu. Wanaweka vizuizi, mnazungushwa ili watu wasilundikane, na kwenye laini ya 3 unaweza kuziacha treni kadhaa zipite. Laini ya 1 ina behewa la wanawake saa za msongamano wa siku za kazi, tangu 2017. Wanaume huingia humo bila haya, lakini mwanamke mwenye mfuko wa sampuli bado apange foleni pale. Sokoni nenda katikati ya asubuhi, rudi kabla ya saa 11 jioni. Muuzaji mwenyewe baada ya hapo anafunga.

Kufika kutoka uwanja wa ndege kwa metro nakushauri bila wasiwasi. Airport North ni ya terminali ya 2, Airport South ni ya terminali ya 1, zote laini ya 3. Badilisha Jiahewanggang uchukue laini ya 2 hadi Guangzhou Railway Station, kisha laini ya 5 stesheni moja hadi Xiaobei, kwa chini ya yuan 10. Kuondoka ni habari nyingine. Mabegi mawili ya kilo 23, kubadilisha mara mbili, ngazi, ukaguzi, na abiria wanaokutazama kwa sababu umeziba mlango: hapo usibane hela. Na ndege ikiwa ya usiku wa manane, treni za mwisho za laini nyingi zinaondoka karibu saa 5 usiku, na hiyo ni saa ya treni kuondoka, geti la juu linaweza kufungwa kabla. Panga teksi na watu wa hoteli tangu mchana, uwape jina la terminali kwa Kichina.