Kitufe cha Kibo kinachotoka na ukungu

Mdogo wangu wa Moshi, umeuliza kwa nini kitufe chako cha Kilimanjaro, kile kipicha kidogo cha kubofya kinachompeleka mtu kwenye tovuti yako, kina ukungu, na utabadilishanaje vitufe na wenye tovuti wengine.

Ukungu ni wa JPEG, aina ya faili ya picha inayofifisha kingo. Hifadhi kwa GIF au PNG. GIF hubeba rangi zisizozidi 256, na kwa kitufe cha pikseli 88 kwa 31 hata kumi zinatosha. Chora kwa ukubwa huo huo tangu mwanzo. Picha kubwa ukiipunguza, kingo zinavurugika. Theluji ya Kibo mimi naiweka pikseli saba nyeupe, chini yake mbili za samawati iliyofifia kwa kivuli. Basi. Mtu wa Moshi ataujua mlima wake hapo hapo. Ukitaka kukikuza, kuza mara mbili au tatu kamili, si moja na nusu.

Kubadilishana ni kuombana kwanza. Kitufe cha mwenzako kipakue ukiweke kwenye tovuti yako, kielekeze kwenye tovuti yake. Ukiacha picha ivutwe moja kwa moja kutoka tovuti yake, kila mgeni wako anamlia bando. Na jina la mchoraji usilifute, tafadhali. Kitufe changu cha twiga kilichukuliwa bila hodi, kikabadilishwa rangi. Iliniuma sana.