Farasi aliyebadilishiwa umbali: tuweke dau au tumwache?

SWALI: Kaka, salamu kutoka Ngamiani, Tanga. Nabeti mbio za farasi za Uingereza kwa simu. Juzi farasi mmoja alishika nafasi ya tatu katika mita 1200, akija kwa kasi sana mwishoni. Sasa Jumamosi wamemwandikisha mita 1600, odi 5.00, yaani akishinda kila shilingi niliyoweka inarudi tano. Rafiki yangu anasema huyo ni pesa ya bure, kwa sababu safari hii atapata nafasi ya kuwapita wenzake. Ni kweli?

JIBU: Salamu zimefika, ndugu yangu. Kwanza hakikisha unabeti mbio za kweli. Kwenye maduka ya kubeti na kwenye simu kuna mbio za farasi za kompyuta, zinazorudiwa kila baada ya dakika chache. Matokeo yake hutolewa na programu. Farasi wa humo hana mapafu wala mama, na umbali haumwongezei wala haumpunguzii kitu.

Kama ni farasi wa kweli, basi hoja ya rafiki yako ina tundu. Kuja kwa kasi mwishoni kunadanganya macho. Farasi wa mbio akienda vizuri hutumia takriban sekunde 12 kwa kila mita 200. Wale wa mbele wakianza kwa pupa huishiwa nguvu mwishoni, na wa nyuma anayewapita huonekana kama anaruka, kumbe naye anapungua, ila polepole kuliko wao. Kwa hiyo usihesabu amewapita wangapi. Tafuta video, utazame kama hatua zake zilibaki ndefu hadi mstarini, na kama baada ya mstari aliendelea kwenda huku wengine wakisimama.

Kisha piga hesabu ya umbali wenyewe. Kutoka mita 2400 kwenda 2600 ni nyongeza ya asilimia 8 hivi. Kutoka 1200 kwenda 1600 ni theluthi nzima! Hapo nasaba inaanza kusema. Mwaka 2010 watafiti wa Dublin walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba tofauti katika jeni moja ya misuli inahusiana na umbali unaomfaa farasi. Majibu ya vipimo hivyo sisi hatuonyeshwi, lakini rekodi za ndugu zake wa tumbo moja ziko wazi. Kama wote walishinda mita 1000 na 1200 tu, mimi nasita.

Hata bingwa ana mpaka wake. Mwaka 2012 farasi Camelot alishinda mita 1600 pale Newmarket, akashinda Derby ya Epsom ya mita 2400, halafu katika St Leger ya Doncaster, karibu mita 2900, akashindwa na farasi mwenzake, Encke.

Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni tabia. Mbio ndefu huanza taratibu zaidi, na farasi anayeng'ang'ana na hatamu humaliza nguvu zake kabla ya kona ya mwisho. Farasi maarufu Frankel alipokuwa mdogo alikuwa wa namna hiyo. Mkufunzi wake, Henry Cecil, alimfundisha utulivu kwa subira kubwa, na mwaka 2012 alipomwongeza hadi zaidi kidogo ya mita 2000 pale York, alishinda kwa tofauti ya urefu wa farasi saba.

Kwa farasi anayeshushwa umbali, yaani anayetolewa mbio ndefu kwenda fupi, swali ni moja tu: ana kasi ya kutosha kwenye mita 400 za kwanza?

Sasa odi. 5.00 maana yake farasi wa aina hii lazima ashinde mara moja katika kila tano ndipo pesa yako irudi tu, bila faida. Ile kasi ya mwishoni kampuni ya kubeti nayo imeiona, na imeshaiweka ndani ya bei. Kwa hayo uliyoniandikia, mimi singeweka shilingi Jumamosi. Mwache akimbie, umtazame mita 300 za mwisho. Akimaliza bado ana nguvu, hata akiwa wa nne, mfikirie mara nyingine atakapoandikishwa mita 1600.