Maswali yenu: Mwalimu Mkristo ugenini

Tangu niandike hapa kwamba nilifundisha hisabati Doha, Qatar, miaka sita kabla ya kurudi nyumbani Kisumu, barua zenu hazijakatika. Nyingi zinazunguka jambo moja: mtu aliyeokoka anaishije mahali ambapo haruhusiwi kuhubiri? Leo nimechagua chache. Majina nimeyaacha.

Nimepata kazi katika shule ya binafsi Doha, naondoka mwezi ujao. Mama ameshanipakia Biblia tatu na trakti, vile vijikaratasi vya kuhubiri, kama mia mbili. Nifanyeje? (Mwalimu, Kakamega)

Beba Biblia moja, ile yako uliyoijaza maandishi pembeni. Hiyo ni ya kusoma mwenyewe, na ndivyo nilivyoingia mimi. Trakti mwachie mama azigawe soko la Lubao. Sheria ya jinai ya Qatar ya mwaka 2004 haina mafumbo: anayeeneza dini isiyo Uislamu kwa hiari yake anaweza kufungwa hadi miaka 5, akifanya kwa niaba ya shirika hadi miaka 10, na kupatikana tu na maandishi ya kazi hiyo kunaweza kukupeleka ndani hadi miaka 2. Trakti mia mbili ndani ya sanduku hazina namna ya kuelezwa.

Najua mama ataumia, kwa hiyo usizitoe kisirisiri usiku wa kuamkia safari. Keti naye umweleze. Mwambie kule kuna Wakristo wengi, Wafilipino, Wahindi, Wamisri, wamekaa miaka na miaka wakiabudu kwa uangalifu, na kosa la mgeni mmoja asiyejua linaweza kuwaangukia wao pia.

Binti yangu anafundisha Muscat, Oman. Ananiambia darasani hataji jina la Yesu hata siku moja. Mimi nimelelewa na kesha na ngoma. Hii si ile ya Petro pale uani kwa kuhani mkuu? (Mama, Bungoma)

Mama yangu, swali lako limenikosesha usingizi, kwa sababu hata mimi niliwahi kujiuliza hivyo. Lakini tazama vizuri kilichotokea pale uani. Petro aliulizwa, akasema simjui. Alisema uongo. Binti yako amemdanganya nani? Kwenye fomu ya kazi kuna mahali pa dini, na nina hakika aliandika Mkristo. Mwenzake akimuuliza Ijumaa ulienda wapi, anajibu nilienda kanisani. Huyo hajamkana mtu.

Sisi wa huku magharibi tumelelewa na imani yenye sauti. Bendi ya Jeshi la Wokovu inapita na matarumbeta, kanisa la African Israel Nineveh wanashika barabara na bendera na ngoma, na hapa Nyalenda spika za Jumapili zinaanza kabla chai haijachemka. Naipenda sauti hiyo, na nilipokuwa mbali niliikosa hadi machozi. Lakini kumbuka pia kanisa la Friends, yaani Waquaker, waliofika Kaimosi mwaka 1902. Chimbuko lao ni watu wanaokaa kimya pamoja wakimngoja Mungu, na nani atawaambia hao kwamba hawana Yesu? Yesu mwenyewe alisema uingie chumba cha ndani, ufunge mlango, usali.

Na kuna jambo jingine, na hili kwangu ni zito kuliko hofu ya sheria. Mtoto hana nguvu ya kumkatalia mwalimu. Mwalimu ndiye anayesahihisha daftari, ndiye anayeandika ripoti, ndiye anayeamua nani asifiwe mbele ya wenzake. Hebu fikiria mjukuu wako wa darasa la nne hapo Bungoma, apate mwalimu wa dini nyingine anayetumia kipindi cha hesabu kumvuta polepole bila wewe kujua. Ungepanda boda boda asubuhi hiyohiyo uende ofisi ya mwalimu mkuu, na ungekuwa na haki. Wazazi wa Muscat nao wana haki hiyo. Binti yako anapoiheshimu, anawatendea kama angependa kutendewa.

Usimuulize ametaja jina la Yesu mara ngapi. Muulize yule mtoto wa nyuma asiyeelewa anamfanyaje. Muulize kama anajua jina la mama anayefagia korido.

Mwanafunzi akiniuliza mwenyewe kuhusu imani yangu, je? (Mwalimu, Vihiga, anayesubiri viza)

Watakuuliza. Mimi aliniuliza msichana wa miaka kumi na mmoja. Wenzake walikuwa wametoka nje kwa mapumziko, yeye akabaki, daftari amelikumbatia kifuani. "Mwalimu, wewe huwa unaswali?" Nikamwambia ndiyo, kila asubuhi. "Kwa nani?" Nikasema namwomba Mungu kama nilivyofundishwa na mama yangu, mimi ni Mkristo. Akanyamaza kidogo, akichezea kona ya daftari, mpaka karatasi ikajikunja. "Basi umwombee bibi yangu, yuko hospitali." Nikamwambia nitamwombea, kisha nikamuuliza bibi anaitwa nani na anapenda kupika nini. Akacheka, akaenda kucheza.

Sikumwekea mikono kichwani wala sikuanza kuomba kwa sauti pale. Jioni nilimwona msimamizi wa darasa letu, mama Mwislamu niliyemheshimu sana, nikamweleza kwamba mtoto ana mgonjwa nyumbani, nikamwambia pia aliniuliza nini na nilimjibu nini. Alinishukuru. Tangu siku hiyo aliniamini, na kuaminiwa huko kulinisaidia mara nyingi baadaye. Usiku nilifunga mlango nikamwombea yule bibi kwa jina.

Kwa hiyo: jibu ulichoulizwa, kwa ufupi na kwa ukweli, urudi kwenye somo, kisha mkubwa mmoja pale shuleni ajue. Wengi wetu tunakariri 1 Petro 3:15, kwamba tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini letu, tukaishia hapo. Mstari unaendelea: "lakini kwa upole na kwa hofu."

Nitaacha kanisa la Jumapili? (Mwalimu wa kike, Eldoret)

Qatar Jumapili ni siku ya kazi, wikendi ni Ijumaa na Jumamosi. Ibada kubwa ni Ijumaa, katika eneo la makanisa la Mesaimeer, kwenye ardhi iliyotolewa na Amiri wa wakati huo, Hamad bin Khalifa. Kanisa Katoliki la Mama Yetu wa Rozari lilifunguliwa hapo mwaka 2008. Nje huoni msalaba wala kengele, na langoni mnakaguliwa, kwa hiyo fika mapema. Ukishapita utasikia Kimalayalam mlango huu, Kitagalog mlango ule, Kiarabu mbele. Ijumaa yangu ya kwanza nilisimama tu katikati ya ua nikisikiliza.

Ukienda Falme za Kiarabu (Emirates, yaani Dubai na Abu Dhabi) hesabu ni nyingine: tangu Januari 2022 wikendi yao ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku. Saudi Arabia hakuna kanisa la wazi hata moja. Jua hilo kabla ya kutia sahihi mkataba, maana si kila mtu anaweza kulibeba.

Mchungaji wangu Nakuru anataka nimtumie video kila wiki, ili washirika wanaoniombea waone kazi ya Mungu. (Mwalimu, aliye Doha tayari)

Usitume. Mheshimu mchungaji wako, mpigie simu umweleze, lakini usitume.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nililikosea. Mwaka wangu wa pili nilipiga picha tukiwa tumekusanyika nyumbani kwa dada mmoja, watu tisa na sahani ya wali, nikaiweka kwenye kikundi cha WhatsApp cha kanisa langu huku nyumbani. Nilitaka tu waone siko peke yangu. Kufikia siku ya tatu ilikuwa imesambaa, na juu yake mtu ameandika maneno ya kishujaa kuhusu "uwanja wa misheni". Mmoja wetu pichani alikuwa msaidizi wa nyumbani, na mwajiri wake hakujua anakokwenda siku yake ya mapumziko. Alinipigia simu akilia. Hakufukuzwa, namshukuru Mungu, lakini hakuja tena kukaa nasi, na ushirika ule ndio uliokuwa pumzi yake. Picha niliifuta, lakini ya kwangu tu.

Andika barua ukitaka waombe. Taja mahitaji, usitaje watu, mitaa wala shule.

Ramadhani nifunge nao? (Mwalimu, Kisumu)

Si lazima, na usijifanye umefunga. Ila usile wala kunywa hadharani mchana, hata maji ndani ya gari. Shule nyingi huwatengea wasiofunga chumba cha kulia. Ukialikwa kufuturu, nenda, na usiende mikono mitupu. Mimi nilibeba tende, na mwaka mmoja mahamri niliyopika mwenyewe.

Niko Doha miezi miwili. Ijumaa nina watu, lakini katikati ya wiki sina hata mmoja wa kuomba naye, na usiku ni mrefu. (Mwalimu, kwao Mumias)

Dada yangu, usiku ule naujua. Kuna kitu kidogo kilichonishika mimi: saa ya Doha na saa ya Kenya ni moja. Saa tatu usiku kwako ni saa tatu usiku Mumias. Chagua mtu mmoja nyumbani, si kikundi, mkubaliane saa. Mimi na mama yangu tulichagua saa tatu na nusu, Jumanne na Alhamisi. Siku ambazo simu haikushika, kila mmoja aliomba peke yake, na nilijua kwamba dakika ileile amevuta kile kigoda chake karibu na jiko, leso begani, anataja jina langu.