Choa kinapoa, kinarudi, kinaenea

SWALI: Shikamoo daktari. Nilitokwa na choa pajani, kiduara cha ukubwa wa sarafu. Duka la dawa wakanipa tyubu ya krimu. Siku tatu tu mwasho ukaisha, nikaacha. Kikarudi. Nimerudia hivyo mara 3 ndani ya miezi 2, sasa kimefika kinenani na uduara wenyewe hauonekani. Mwanangu wa miaka 6 naye ana mapunye kichwani. Nimpake hiyo hiyo?
Msomaji, Temeke

JIBU: Marahaba. Usimpake, na wewe iache. Soma maandishi madogo chini ya jina la biashara. Ukikuta clobetasol, betamethasone au dexamethasone, hiyo ni steroidi, mara nyingi imechanganywa na dawa ya fangasi kwenye tyubu moja. Steroidi huzima mwasho na wekundu kwa kupunguza kinga ya ngozi; fangasi wenyewe wanabaki hai na wanapata nafasi ya kutambaa. Choa kikishapoteza ukingo wake, hata mhudumu wa afya anaweza kukidhania pumu ya ngozi akakuongezea steroidi nyingine! Kinenani ngozi ni nyembamba na hunyonya dawa sana, na michirizi inayoletwa na steroidi ikishatokea pale haifutiki.

Nunua krimu ya clotrimazole ya asilimia 1, isiyo na mchanganyiko. Oga, jikaushe kabisa kwa taulo lako peke yako. Kamulia krimu juu ya kidole cha shahada, mstari kutoka nchani hadi mkunjo wa kwanza: ni kama nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili. Anzia sentimita 2 nje ya ukingo, kwenye ngozi inayoonekana nzima, uje ndani, kwa sababu fangasi wanaosambaa wako pembezoni. Asubuhi na jioni, wiki 2 hadi 4. Ngozi ikitakata, endelea wiki 2 zaidi. Wengi huacha mara tu ngozi inapotakata.

Siku za mwanzo mwasho unaweza kuzidi kwa sababu steroidi imeondoka. Usiirudie. Wiki 2 zikipita bila nafuu, nenda kituo cha afya wakwangue magamba wayapime. Huenda ukahitaji vidonge.

Mtoto anahitaji vidonge tangu mwanzo, kwa kuwa fangasi wa mapunye wako ndani ya unywele, krimu haiwafikii. Mpeleke apimwe uzito, ndio unaoamua dozi. Akiandikiwa griseofulvin, kwa kawaida ni wiki 6 hadi 8, na ameze baada ya chakula chenye mafuta ili dawa iingie vizuri mwilini.