Maswali ya Wasomaji: Samaki Yuko Chini ya Gati, Wewe Unarusha Mbali

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimeanza kuvua gatini kwa chambo bandia, kile chembamba cha chuma cha gramu 40. Nakirusha mbali kadiri ya nguvu zangu, navuta, narusha tena. Rangi nimebadilisha mpaka zimeniishia. Samaki nawaona, na mara nyingine wananifuata chambo mpaka karibu kabisa, halafu wanageuka. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Rangi iache kwanza, turudi kwenye gati lenyewe.

Zile nguzo unazozipa mgongo zimeota chaza, kome na mwani. Vidagaa hula humo na kujificha humo, na samaki mkubwa huja kwa sababu ya hao wadogo. Bahari ya mbele ya gati mara nyingi ni mchanga mtupu. Sasa wewe unatupa chambo mita 60 huko kwenye mchanga, na wenye njaa wamekaa chini ya miguu yako! Rusha sambamba na gati, chambo kipite mbele ya nguzo moja baada ya nyingine. Ila tazama nyuma na pembeni kabla hujarusha, kwa sababu gati lina watu, na ndoana ikishaingia jichoni hakuna pole itakayotosha.

Kisha angalia mkondo unatoka wapi. Samaki huelekeza kichwa kule maji yanakotoka, na hupenda kupumzika nyuma ya nguzo mahali maji yamepoa, akingoja kinacholetwa. Basi rusha upande wa juu wa mkondo, chambo kimjie pamoja na maji. Kidagaa aliyechoka hapandi mkondo kwa kasi, na wawindaji wanalijua hilo.

Hao wanaokufuata kisha wakageuka, sababu yao naiona. Umesimama juu, pengine mita 4 au 5 kutoka kwenye maji. Chambo kikiwa mbali, mshipi unakivuta kuja mbele. Kikikaribia, mshipi unakivuta kwenda juu. Mita chache za mwisho kinapanda mbio mpaka usoni mwa maji, na samaki aliyekuwa anajipanga kukipiga anaachwa chini. Inamisha ncha ya fimbo ielekee maji, punguza kasi chambo kinapokaribia, kisha acha kuvuta kabisa. Kiache kizame tena, hata kama unadhani umeshamaliza. Mara nyingi hapo ndipo unapopigwa.

Kuzama nako kuna hesabu yake. Chambo kikigusa maji, anza: moja, mbili, tatu, mpaka mshipi ulegee. Hapo kimefika chini. Ikiwa umefika kumi na mbili, safari inayofuata anza kuvuta kwenye kumi, nyingine kwenye saba, nyingine kwenye nne, mpaka ujue samaki wa siku hiyo wamelala kina gani. Kazia macho mshipi pale unapoingia majini. Mshipi ukisimama ghafla kwenye hesabu ya sita wakati chini ni kumi na mbili, au ukaanza kukimbia pembeni wenyewe, usingoje kusikia mtikisiko mkononi. Kaza rili, inua fimbo. Wengi hupiga chambo kikiwa kinashuka, na anayetazama mawingu hajui kwamba ameliwa.

Ndiyo maana nasisitiza mwendo kuliko rangi. Mvuvi wa Finland, Lauri Rapala, alichonga chambo chake maarufu mwaka 1936 baada ya kuona jinsi samaki wakubwa ziwani wanavyomchagua kidagaa mmoja anayeyumba na kuwaacha wazima. Bahari nayo haina sheria tofauti. Vuta haraka mara tatu, simama, kiache kianguke kikiyumba. Huyo ndiye kidagaa mgonjwa wanayemtafuta.

SWALI: Wakati gani wa maji ni mzuri, na usiku je?

JIBU: Maji yanayotembea. Penye kujaa na kupwa mara mbili kwa siku, safari moja huchukua saa 6 na dakika chache, na mwendo wake hausawaziki: saa ya tatu na ya nne ndizo zinazobeba maji mengi zaidi, kama nusu ya yote. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, nenda saa hizo hizo za katikati. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, mkondo wa katikati unaweza kukibeba chambo kabla hakijazama, kwa hiyo mimi huchagua saa mbili za mwanzo au za mwisho. Ikikutana na alfajiri au magharibi, usikose.

Usiku, kama gati lina taa, usitupe katikati ya mwanga. Vidagaa wako kwenye mwanga, mkubwa yuko gizani ukingoni. Pitisha chambo kwenye mpaka wa kivuli, polepole.

SWALI: Nilinasa kolekole mkubwa, nikamwinua, mshipi ukakatika amefika nusu ya gati. Nitumie mshipi mnene zaidi?

JIBU: Hapana. Majini samaki hubebwa na maji, akitoka uzito wote ni wako, na anapapatika. Tafuta wavu wa duara wenye kamba, ushushe majini, mwongoze aingie kichwa kwanza akiwa amechoka, kisha vuta kamba, mshipi uulegeze. Upange kabla hujarusha mara ya kwanza: utamshushia wavu wapi, na nani atashika kamba. Breki ya rili iweke iachie kwenye robo ya nguvu ya mshipi au zaidi kidogo, isivuke theluthi. Mbele funga mita moja na nusu ya nailoni nene ya kuvumilia chaza za nguzo, na kama panapita mzia, yule samaki mrefu wa meno makali, ongeza kipande kifupi cha waya.

Na kwa ajili ya samaki mdogo utakayemrudisha, bana vijino vya ndoana kwa koleo tangu nyumbani. Atatoka bila kuchanika mdomo, naye arudishwe kwa wavu ule ule, asitupwe kutoka juu.