Uliniuliza kuhusu makamu wa rais

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara mbili. Unataka kujua kama umakamu wa rais hapa Kenya humsaidia mtu kuupata urais au humfungia njia. Moi alishika umakamu mwaka 1967, mwaka 1976 wakubwa wakataka katiba ibadilishwe ili Mzee Kenyatta akifariki asiwe yeye wa kushika urais, akanyamaza, na Agosti 1978 akaapishwa. Kibaki alishushwa kutoka umakamu mwaka 1988 akapewa Wizara ya Afya, akaja kushinda 2002 akiwa upinzani. Ruto alishinda 2022 akiwa Naibu Rais, na bosi wake akimuunga mkono Raila. Basi husaidia. Lakini mimi nikisikia neno makamu, simwoni hata mmoja wa hao. Namwona Saitoti, makamu wa Moi.

Unaikumbuka ile suruali ya shule yenye alama ya pasi? Ulikuwa darasa la tano. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 18 Machi 2002, mama yako yuko zamu, nami napiga pasi nguo zenu huku nikitazama taarifa ya habari. KANU, chama tawala cha Moi, na NDP ya Raila walikuwa wameungana siku hiyo kule Kasarani, Nairobi. Wakapatikana wenyeviti wasaidizi wanne wa chama: Uhuru, Kalonzo, Mudavadi na Katana Ngala. Saitoti hakuwemo. Profesa wa hesabu, Makamu wa Rais wa Jamhuri, ameketi mbele ya umati wote ule na hana nafasi. Alisimama akasema kuna wakati taifa huwa kubwa kuliko mtu mmoja. Nilikuwa namtazama usoni hadi nikasikia harufu ya kitambaa kinaungua.

Wakati huo nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu, mwaka wa saba. Muhula uliotangulia mkuu wetu alikuwa amestaafu, na mrithi akaletwa kutoka shule nyingine. Mimi ndiye niliyemkabidhi funguo za stoo na daftari la mali, nikamwonyesha kufuli gani lazima ulivute kwanza ndipo lifunguke. Wenzangu wakapiga makofi. Nimewaambia tangu mkiwa wadogo, kiti cha makamu hakina egemeo. Chini ya katiba ya zamani rais alimteua makamu na kumwondoa apendavyo. Saitoti huyohuyo, baada ya uchaguzi wa 1997, aliachwa nje zaidi ya mwaka mzima kiti kikiwa wazi, kisha Aprili 1999 akarudishiwa kazi kwa tangazo la kando ya barabara huko Limuru. Kando ya barabara! Sasa naibu huchaguliwa pamoja na rais, hafutwi kwa neno moja, na Gachagua alipoondolewa Oktoba 2024 ilibidi Bunge la Taifa na Seneti zipige kura. Hata hivyo aliondoka. Ndiyo maana nasema hakina egemeo.

Kilichonisumbua miaka yote hii ni kwa nini Saitoti hakutoka mapema. Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza, alitoka, Aprili 1966, baada ya cheo chake cha chama kugawanywa vipande kule Limuru. Nikisema hivyo mama yako hunikumbusha yaliyofuata: mwaka 1969 chama chake kipya, KPU, kikapigwa marufuku naye akawekwa kizuizini, na aliporudi kuutafuta urais 1992 alikuwa wa nne. Hapo sina jibu la haraka. Kuondoka nako kuna gharama yake, na mwenye watoto shuleni anaijua.

Saitoti mwishowe alihama KANU mwaka uleule wa 2002, na Januari 2003 Kibaki akamfanya Waziri wa Elimu. Elimu ya msingi bila malipo, mwanangu! Wewe uliona madawati yamejaa tu. Mimi nilikuwa mezani nje ya ofisi naandika majina tangu asubuhi, foleni imefika getini, na mvulana wa miaka kumi na minne ameinama ananiuliza polepole kama bado anaruhusiwa darasa la pili. Nilimwandika. Nikamkumbuka yule mtu wa Kasarani, nikafurahi kama niliyelipwa deni.

Tarehe 10 Juni 2012 helikopta aliyopanda ilianguka Ngong, akafa. Alikuwa ameshatangaza kuwa atauwania urais uchaguzi uliofuata. Siku hiyo nilizima redio nikaenda kukaa nje.

Nilitaka kukuandikia wazi kwamba siku ile Kasarani alipaswa kuinuka na kutoka ukumbini. Nimeandika sentensi hiyo mara mbili na kuikata. Mimi nami nilibaki, na nisingebaki nisingekuwa kwenye ile meza Januari. Ukija Desemba tutalimaliza jambo hili.

Baba yako