Barua kwa mwanangu: jini hatoi bure

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma usiku, nikaona nikijibu kwa simu nitayakata maneno, basi nakuandikia. Sisi hatujambo. Baba yako kifua kimempungua, ila kuambiwa apumzike hataki.

Unasema hatimaye umekipata Breaking Dawn, kile cha nne cha hadithi za Twilight za Stephenie Meyer ulichokikosa ulipokuwa sekondari, na kwamba umekifunga kwa hasira. Halafu unaniuliza: "Mama, kitabu ndicho kibaya, au ni mimi niliyekua?"

Nitalifikia hilo. Kwanza nikukumbushe gazeti la shangazi yako.

Ulikuwa mdogo, tukikaa Ngamiani kwa bibi yako. Kulikuwa na hadithi gazetini kila wiki, ya mwanamke wa Pangani aliyependwa na jini. Shangazi alirudi nalo kutoka sokoni amelifutika kwenye kanga, na likifika, kazi zote zimesimama. Msomaji nilikuwa mimi, kwa sababu ya ualimu wangu. Bibi yako alikaa na ungo wake wa mchele, akipeta polepole ili asipitwe na neno. Jini yule alimpa mwanamke dhahabu, akampa nyumba ya ghorofa, akamfungia wanaume wengine wote. Majirani wakawa wanamwonea wivu yule mwanamke kana kwamba anakaa mtaa wa pili. Bibi yako peke yake ndiye aliyekuwa akitikisa kichwa: "Subirini. Jini hatoi bure. Ataidai haki yake."

Tukasubiri, kutoka kusi mpaka kaskazi. Toleo la mwisho likaja. Usiku wa manane, chetezo kinafuka, jini yuko mlangoni amekuja kumchukua kifungua mimba. Mwanamke anapiga ukelele. Kisha nikasoma: "Akazinduka. Kumbe alikuwa akiota. MWISHO."

Bibi yako akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akasema, "Geuza, huenda imeendelea nyuma." Nikageuza: ratiba ya ligi na tangazo la sabuni. Akaushusha ungo chini, akasema neno moja tu: "Katuibia."

Shangazi yako, unamjua, hakuishia kusema. Jumatatu alimwendea muuza magazeti na furushi zima la matoleo ya nyuma, anataka arudishiwe hela yake. Kijana wa watu akajitetea: "Mama, mimi nauza karatasi, sikuandika." Mtaa mzima ulicheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo nikikumbuka sicheki. Mwandishi alijua tangu mwanzo kwamba hana cha kutulipa, akaendelea kutukopa wiki hadi wiki.

Sasa turudi kwa Bella wako, yule binti aliyempenda Edward, mnyonya damu asiyezeeka wala kufa. Usishangae, nimekisoma. Alikiacha hapa binti wa shangazi yako, mimi nikakimaliza kabla hata wewe hujakipata, nikanyamaza. Vitabu vitatu vizima tunaambiwa: ukitaka kuwa kama Edward, utaacha kila kitu. Utamwacha baba yako, hutazaa, na mwaka wako wa kwanza utakuwa mnyama mwenye kiu ya damu za watu. Hiyo ndiyo bei, na kwa sababu ya bei ile mimi nilimhurumia yule binti kwenye mvua za mji wake wa Forks. Kufika cha nne, bei imefutwa yote. Mtoto anapata. Baba yake anaendelea kumtembelea. Kiu yenyewe anaishinda siku ya kwanza msituni, wakati wenzake imewasumbua miaka na miaka. Jini hatoi bure, mwanangu, na huyu katoa bure!

Najibishana na nafsi yangu hapa. Mbona aliteseka? Mimba ilimvunja mbavu, ikamvunja na uti wa mgongo, akanywa damu kwa kikombe. Kweli. Lakini uchungu wa uzazi hata sisi tulioolewa na makarani tumeupata, na hakuna aliyetupa uzuri wa milele baada ya hapo.

Baba yako, kama kawaida, ameingilia. Anasema mbona Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, tangu kilipotoka mwaka 1960, jalada linaahidi mzimu na mzimu wenyewe haupo, na yeye hajawahi kudai hela yake? Hapo alinibana, nikanyamaza mpaka chai ikapoa. Ila nimepata jibu. Bwana Msa, mpelelezi wa kitabu hicho, na kiko chake anakunyang'anya mzimu lakini anakupa muuaji, tena wa damu na nyama, na kila alama uliyopitishwa inalipwa. Hakuachi mikono mitupu. Baba yako hajakubali. Anasema natetea vya kwetu tu. Huenda.

Kilichonikera zaidi ni wale Volturi, wakubwa wa wanyonya damu wote. Wanatoka Volterra, Italia, na majoho yao, wanakuja kuhukumu kwa sababu ya yule mtoto wa Bella. Kina Cullen, jamaa za Edward, wanakusanya mashahidi kutoka pembe zote, mpaka Misri na Amazoni, kila mmoja na kipawa chake. Wanafanya mazoezi. Wanaagana kama watu wa kufa. Bella anamwandalia mtoto pasipoti ya kukimbilia. Kisha wanasimama uwanjani kwenye theluji, wanazungumza, Alice, dada yake Edward anayeona yajayo, anamleta kijana mmoja kutoka Amerika Kusini aliyezaliwa kama yule mtoto, awe ushahidi, na wageni wanaondoka. Aliyeuawa ni Irina tu, yule mchongezi. Nikageuza ukurasa kama bibi yako alivyonitaka nigeuze gazeti.

Unakumbuka ile CD uliyoniletea ya sehemu ya mwisho, ya mwaka 2012? Waliotengeneza filamu waliliona pengo. Wakatia vita, vichwa vikaruka, kichwa cha Carlisle, baba mlezi wa Edward, cha kwanza, wewe ukapiga kelele mpaka baba yako akatoka chooni. Kumbe ni maono ya Alice! Nikakwambia, "Yule mwandishi wa gazeti kahamia Marekani," ukadhani natania.

Na shangazi yako hakuwa kichaa peke yake. Kitabu kile kilitoka tarehe 2 Agosti 2008, nakala milioni 1.3 zikauzwa huko Marekani siku hiyohiyo moja, na haukupita muda wakajitokeza wasomaji wa kuhimizana wavirudishe madukani. Wapenzi wenyewe hao, waliopanga foleni usiku wa manane. Asiyekipenda kitabu hahangaiki kukirudisha.

Habari ya Jacob, yule kijana mwingine aliyempenda Bella, na kile kichanga cha Bella sitaiandika. Mwanamume aliyekuwa akimlilia mama, dakika hiyohiyo anafungwa moyo kwa mtoto mchanga, nasi tuambiwe ni kudra! Nilikilaza kitabu kifudifudi, nikaenda kufua. Na hata hivyo zile kurasa anazosimulia Jacob mwenyewe, kabla ya hapo, ndizo nilizozisoma mara mbili, maana yeye peke yake ndiye anayepoteza kitu.

Basi swali lako. Kibaya, au umekua? Ulimi unaniwasha, nawe unajua nikishasema huwa sirudi nyuma. Sisemi. Ulikuwa na miaka kumi na sita, ulisoma kile cha kwanza kwa tochi chini ya chandarua, nami nilikuona nikajifanya sijakuona. Sina haki ya kumhukumu yule mtoto kwa hasira za mama mzima wa leo. Ila ukinibana sana nitasema kwamba bibi yako hakuwa mtoto, na alikasirika vilevile.

Usikitupe. Shangazi yako kasikia habari zake na anataka asimuliwe, nami nimekataa kuanza mpaka uwepo unisaidie kutetea. Na baba yako anauliza kama Desemba unakuja na watoto au peke yako. Hilo jibu kwa simu.

Mama yako